AC ya gari inapuliza joto? Tazama klachi kabla ya kununua gesi

Februari, Kaskazi inavuma na lami ya Malindi inawaka, shemeji yangu alinijia na Probox yake anayopakia abiria kwenda Marereni. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameongezewa gesi mara mbili. Asubuhi baridi safi. Akifika Gongoni, hewa inatoka kama ya mdomo wa tanuri. Jioni gari likipoa, baridi inarudi.

Dalili hiyo ya kuja na kuondoka ikumbuke, tutairudia. Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Sasa gesi iliyovuja itajirudisha vipi jioni?

Hatua ya 1: Tazama kompresa

Washa injini, weka AC kwenye baridi ya mwisho, fungua boneti. Puli ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, huzunguka wakati wote kwa sababu ya belti. Unayoitafuta ni sahani ya klachi, iliyo mbele ya puli na inayounganisha puli na kompresa: lazima usikie "tak", kisha nayo izunguke. Hakikisha pia feni ya mbele inazunguka. Sahani ikizunguka na hewa bado ya moto, ruka uende hatua ya 3. (Magari mengine mapya hayana klachi kabisa, hapo anza moja kwa moja na geji za presha, hatua ya 3.)

Hatua ya 2: Klachi haishiki

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, kwa hiyo nisomee taratibu.

Kwanza fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme). Kama rilei ya honi inafanana na ya AC, zibadilishane ujaribu.

Kisha chomoa plagi ya klachi na upime kwa mita huku AC imewashwa. Umeme usipofika, tatizo liko nyuma: nyaya, swichi, au swichi ya presha iliyokata kwa sababu gesi ni kidogo. Hiyo ya presha usiiunganishe kwa waya ili kuipita ukaliacha gari litembee hivyo. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiisha, kompresa inajisaga kavu.

Umeme ukifika, volti 12 na zaidi, na sahani imelala tu, basi ama koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya klachi, imekatika ama nafasi kati ya sahani na puli imekuwa kubwa. Shemeji alikuwa na hii ya pili. Klachi ni sumaku ya umeme. Kila inaposhika na kuachia, chuma kinalika kidogo na nafasi inapanuka. Koili ikiwa baridi, sumaku ina nguvu ya kuvuta. Ikipata moto, ukinzani wake unapanda, umeme unaopita unapungua, na sumaku inashindwa kuvuta sahani iliyo mbali. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa sawa.

Kosa langu lilikuwa kupima gari chini ya mwembe saa mbili asubuhi, likiwa zima kabisa. Nikaishuku valvu ya ekspansheni, ile inayoshusha presha ya gesi ili ipoe, nikafungua dashibodi yote, nikakuta valvu haina neno. Pima gari likiwa linaugua. Liendeshe juani mpaka hewa igeuke moto, kisha simama.

Wako mafundi wanaosukuma sahani kwa kijiti injini ikizunguka. Sikubaliani nao, belti haina huruma na mkono. Zima injini ingali moto, peleka umeme wa betri kwenye klachi kwa waya wenye fyuzi. Isipolia "tak", sukuma sahani kwa kidole. Ikinata hapo hapo, umepata jibu.

Pima nafasi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo. Klachi nyingi hutaka kati ya milimita 0.3 na 0.6, lakini thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Ya shemeji ilikuwa 0.9. Fungua bolti ya katikati, vuta sahani, utakuta washa nyembamba kwenye shafti. Nilitoa moja ya milimita 0.5, ikabaki 0.4. Zungusha sahani kwa mkono na upime pande tatu, maana ikigusa upande mmoja itaungua. Kama beringi ya puli inalia, ibadilishe kwanza.

Hatua ya 3: Geji

Geji mbili, bluu ya presha ya chini na nyekundu ya presha ya juu. Mikebe ya dukani yenye kigeji kimoja siitaki, inaonyesha upande mmoja tu wa habari. Gari likiwa limezimwa na kupoa, kwenye joto la nyuzi 30 R134a, gesi ya AC ya magari mengi, husoma karibu psi 95 pande zote. Likinguruma, tarajia bluu 30 hadi 45 na nyekundu 200 hadi 250. Zote zikiwa chini, gesi ni kidogo. Zote zikiwa juu, kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) imeziba, feni imechoka au gesi imezidishwa. Bluu juu na nyekundu chini, kompresa imechoka.

Hatua ya 4: Tafuta uvujaji

Huku kwetu anza na kondensa, hasa kwa magari ya njia ya Gongoni na mashamba yake ya chumvi. Chumvi inakula alumini. Alama ya mafuta yenye vumbi mara nyingi ndiyo mahali penyewe. Jaza naitrojeni, paka povu la sabuni kwenye maungio. Usitumie upepo wa kujazia matairi, unaingiza unyevu.

Hatua ya 5: Vakyumu, kisha gesi

Nyonya hewa yote kwa pampu ya vakyumu dakika 45, funga, subiri nusu saa, sindano isisogee. Jaza kwa mizani kufuata gramu za kibandiko cha chini ya boneti. Vaa miwani: R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inaunguza jicho. Gesi ya kupikia usiiweke kamwe, ikivuja ndani ya gari ni moto.

Mwisho weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, mchana, juani. La shemeji lilisoma nyuzi 9, bila gramu moja ya gesi kuongezwa.