Mtoto mchanga akiwa chumba cha mahututi: kazi ya wazazi

Mtoto akilazwa chumba cha mahututi, hospitali ya Bombo hapa Tanga au kwingine, mama asisubiri apate nguvu. Aanze kukamua maziwa ndani ya saa 6 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya saa 3, usiku pia. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba na cha shahada sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, ndipo ubane. Ukivuta chuchu yenyewe utaumia tu na maziwa hayatatoka. Siku ya kwanza ni matone ya dang'a. Usiyadharau hata kidogo. Yakinge kwa kijiko kisafi, umpe muuguzi ayapitishe kwenye mpira wa puani. Kwa joto letu la pwani maziwa huharibika upesi, kwa hiyo kamua karibu na saa ya kulishwa.

Mashine ikilia, mwite muuguzi, usiizime. Mara nyingi ni kile kibanio cha mguuni kinachopima oksijeni kimelegea, lakini midomo ikibadilika rangi piga kelele.

Baba aandike uzito kila unapopimwa. Kupungua kidogo wiki ya kwanza ni kawaida. Na amletee mama uji.