Unataka kurusha droni Arusha au Moshi? Soma hii kwanza

Kwanza kibali, tena kabla hata hujachaji betri. Wanaohusika ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ukitaka kupiga picha ndani ya hifadhi kama KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro) kuna ruhusa ya TANAPA pia, wale wasimamizi wa hifadhi za taifa, usijidanganye eti ni kadogo hakaonekani.

Pili angalia uko wapi. Kisongo pale kuna uwanja wa ndege, vindege vya watalii vinapita chini chini, halafu kuna KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, kwa hiyo usirushe karibu na huko kabisa.

Sasa kwenye harusi ndo watu wanaharibu. Usiipitishe juu ya vichwa vya wageni, mapanga yale yanayozunguka yanakata na betri ikizima inadondoka kama jiwe, we simama pembeni upige kwa mshazari, picha inatoka poa tu. Na majirani waambie mapema jamani, mama wa watu anaoga uani au anaanua nguo anasikia mdudu anavuma juu yake, akiokota jiwe utamlaumu? Ukimrekodi mtu bila yeye kujua usiposti, toka 2022 tuna sheria ya taarifa binafsi.

Ukipanda kuelekea mlimani baridi inamaliza betri haraka, rudisha mapema.