Miwani ya uhalisia pepe wakati wa kubadilisha bandeji: jinsi tunavyofanya wodini hapa Kisumu

Wiki jana muuguzi mwenzangu aliyeko Kakamega alinipigia simu mara tatu jioni moja. Wamepata Quest 2 kama yetu, miwani inayofunika macho na kumwonyesha mtu video pande zote, na mgonjwa wa kwanza kuvalishwa alisema haoni chochote ila mawingu. Nilijua papo hapo tatizo liko wapi, maana lilinilia Jumamosi nzima nilipoanza. Nimemwandikia hatua zote, na yeyote anayesafisha vidonda vya moto azichukue.

Kabla ya hatua yoyote: miwani haichukui nafasi ya dawa. Kazi hii ya kupunguza maumivu kwa miwani ilianza Seattle, Marekani, mwaka 1996, Hunter Hoffman na David Patterson walipoijaribu kwa wagonjwa walioungua. Baadaye ikatengenezwa SnowWorld, ulimwengu wa theluji ambamo mgonjwa hurusha mipira ya theluji huku kidonda chake kikisafishwa. Wagonjwa wale walikuwa wamepewa dawa za maumivu kama kawaida. Maumivu huhitaji mtu ayasikilize, na akili ina kiasi chake cha kusikiliza. Ikishikwa na kitu kingine, maumivu hubakiwa na nafasi ndogo. Lakini hayaondoki. Mtu akikwambia upunguze morfini kwa sababu sasa mna miwani, mkatalie.

Hatua ya 1: Chagua mgonjwa

Usimvalishe mwenye kifafa, aliyeumia kichwa, anayetapika, aliyechanganyikiwa, mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu, wala mwenye kidonda usoni au kichwani.

Watoto wananiumiza roho. Wengi tunaoletewa hawajafika miaka mitano, wamemwagikiwa na chai au uji moto, na Meta, watengenezaji wenyewe, hawaruhusu miwani hii kwa mtoto wa chini ya miaka 10. Miwani ni mizito, karibu nusu kilo, na imetengenezwa kwa kichwa kikubwa. Kwa hao wadogo tunatumia katuni kwenye simu kubwa. Mama aishike juu ya uso wa mtoto, si pembeni, ili mtoto asigeuke kutazama kidonda.

Hatua ya 2: Dawa kwanza

Mpe ilivyoandikwa kwenye faili, kisha subiri. Morfini ya kunywa huhitaji nusu saa hadi saa nzima. Usianze dakika ya kumi kwa sababu una haraka.

Hatua ya 3: Chaji, na pakua video mapema

Usitegemee intaneti ya wodini.

Hatua ya 4: Mgonjwa aliyelala

Hapa ndipo wengi hukwama. Miwani inajua chini ni wapi kwa kuhisi mvutano wa dunia. Mgonjwa akilala chali, uso wake unatazama dari, kwa hiyo miwani inamwonyesha anga la ile video. Samaki, miti na watu wote wako upande wa miguu yake, na akitaka kuwaona inabidi ainue shingo. Mimi nilibonyeza kile kitufe chenye nembo kwenye remoti ya kulia, nikakishikilia, nikarudia mara ishirini. Kwetu kitufe hicho kilirudisha picha mbele kwa kulia na kushoto tu. Hakikuiinua juu. Nilizima, nikawasha, nikafuta programu na kuiweka upya, bure.

Dawa yake ni mojawapo ya hizi tatu. Ya kwanza, inua kichwa cha kitanda hadi mgonjwa awe nusu ameketi. Ni rahisi, ila haifai kama kidonda kiko tumboni au ngozi mpya imepandikizwa kwenye kinena, kwa sababu utaikunja. Ya pili, tumia programu ya video inayokubali kuinamisha picha yenyewe, uisogeze hadi upeo wa macho uje mbele ya mgonjwa. Mimi naipenda hii kuliko zote, na programu isiyo na uwezo huo siiweki kabisa. Ya tatu, chagua video ambayo juu yake pia kuna kitu: chini ya bahari samaki wakipita pande zote, au anga la usiku lenye nyota.

Aliyelala ubavu, picha itamlalia ubavu pia, kwa hiyo mgeuze chali kama kidonda kinaruhusu. Aliyelala kifudifudi, mwache. Uzito wote utamkandamiza usoni, na bado hatujapata njia nzuri.

Kisha kuna ukanda. Ule mgumu wa plastiki wenye kirungu cha kukaza kisogoni unauzwa ghali na unasifiwa sana, lakini kwa mtu aliyeweka kichwa juu ya mto ni mateso. Tumia ule laini wa kitambaa uliokuja na miwani, na ukunje taulo au leso uweke chini ya shingo ili kisogo kisilalie ukanda.

Weka mpaka wa kukaa mahali pamoja, yaani eneo ambalo mgonjwa akilitoka miwani hukata picha, na uuweke ukiwa umelala wewe mwenyewe kwenye kitanda kile, kabla mgonjwa hajaletwa. Ukiuweka umesimama mlangoni, mgonjwa akisogea kidogo picha inakatika na anaiona wodi, na pengine wakati huohuo ndipo unapovuta shashi iliyogandana. Hilo limewahi kunitokea na kijana wa boda aliyeungua mguu. Hakukubali kuvaa tena kwa siku nne. Angalia pia mwanga: kamera za miwani zinahitaji kuona chumba, hivyo stima ikipotea na pazia likiwa limefungwa, picha huyumba.

Hatua ya 5: Cha kumwonyesha

Cha kufanya kinashinda cha kutazama. Ila kama mikono imeungua, tafuta kinachoendeshwa kwa kugeuza kichwa tu.

Nilitaka wagonjwa wetu waone ziwa lao, nikaenda Dunga, kando ya Ziwa Victoria, na kamera ya kuazima, nikarekodi nikiwa ndani ya mtumbwi. Mgonjwa wa kwanza alitapika. Macho yanaona mwendo, mwili umelala tuli, na tumbo halivumilii hilo. Nilirudi nikasimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu ufukweni, haitikisiki, mitumbwi ndiyo inayopita mbele yake. Hiyo ndiyo video inayoombwa zaidi wodini kwetu, hasa na wazee.

Hatua ya 6: Fungua bandeji

Mvalishe dakika tano kabla ya kugusa chochote, ili awe ameshazama. Sauti iwe ya chini, bila vipokea sauti vya kuziba masikio, kwa sababu lazima akusikie. Hakuoni, kwa hiyo mtangulie kwa maneno kila mara: "Mzee, sasa nashika kisigino." Kumgusa bila kumwambia kunamshtua, na kule kushtuka kunauma kuliko kuvuta shashi. Akisema toa, toa papo hapo. Usimbembeleze.

Kazi ikiisha, mwambie afumbe macho kwanza ndipo umvue, kisha akae kidogo kabla ya kusimama.

Hatua ya 7: Uliza, andika, safisha

Muulize maswali mawili, kila moja kwa 0 hadi 10: maumivu yalipokuwa makali zaidi yalifika wapi, na ni muda kiasi gani alikuwa akiyafikiria. Andika kwenye faili pamoja na dozi ya dawa. Mara nyingi la pili ndilo linaloshuka zaidi, na usipoliuliza utadhani miwani haikusaidia.

Sehemu inayogusa uso iwe ya silikoni, siyo sponji, maana sponji hunyonya jasho na usaha. Ipanguse kwa spiriti na uiache ikauke. Lenzi usizipake spiriti hata tone. Tumia kitambaa kikavu laini cha miwani. Na usiiache dirishani. Jua la Kisumu likipenya kwenye zile lenzi huunguza kioo cha ndani kwa dakika chache, na doa hilo halitoki.