Namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi wa Julai 1963 Zanzibar

Nasomesha historia skuli moja hapa Unguja, na hakuna somo linalonichafulia darasa kama hili. Wengine wamesikia nyumbani kwamba chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilishinda kikadhulumiwa, wengine kwamba chama cha Hizbu kilishinda kwa haki. Mimi huwaambia: nyamazeni, toeni vikokotoo.

Anza na tarehe. Zanzibar kwa jina haikuwa koloni bali nchi ya himaya yenye Sultani wake, ingawa kauli ilikuwa ya Mwingereza. Madaraka ya ndani yalianza 24 Juni 1963. Tarehe 1 Julai akafariki Sultan Abdullah, akarithi Jamshid, na wiki moja tu baadaye, tarehe 8 hadi 11, watu wakapiga kura.

Sasa chora jedwali la safu mbili, kura na viti, wala usikubali mtu akusomee safu moja tu. ASP: kura 87,085, viti 13. Hizbu, yaani ZNP: kura 47,950, viti 12. Chama cha tatu, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party): kura 25,609, viti 6.

Gawa kura kwa viti. Kila kiti cha ASP kilikula karibu kura 6,700. Cha Hizbu, kama 4,000. Cha ZPPP, kama 4,270. Hapo ndipo makelele huisha. ASP ilikuwa na zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini Hizbu na ZPPP walikuwa wameshaungana, na 12 na 6 ni 18 kati ya viti 31. Mohammed Shamte wa ZPPP akaendelea kuwa Waziri Mkuu, Karume, kiongozi wa ASP, akakaa upinzani.

Kisha uliza majimbo. Aliyeongoza jimboni alichukua kiti, awe ameongoza kwa elfu tatu au kwa kura moja. ASP ilijaza kura kwenye ngome zake za Unguja, ambako ziada haikununua kitu. Kule Pemba ASP ilipata kura nyingi na viti viwili tu. Washirika wawili nao waligawana majimbo wasinyang'anyane. Ni hesabu ya kawaida ya mfumo wa Kiingereza, ila mimi naiona mbovu kwa nchi iliyogawika hivyo.

Usizigeuze kura kuwa kabila. Washirazi walikuwamo ASP, na walikuwamo ZPPP.

Mkimaliza, rudini kwenye uchaguzi wa Januari 1961: viti 22, ASP 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wabunge wawili wa ZPPP wakaenda Hizbu, mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni, na ghasia zake zikaua watu 68. Januari hiyo, kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu ya ziada. Mpeni Hizbu kura mbili zaidi, zilizohitajika kukichukua kiti hicho, kisha jumlisheni viti upya.