Kopo la korosho: jinsi ya kushukuru kwa kutaja jina msimu huu wa sikukuu

Desemba ya huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, huja na mambo yote kwa mkupuo. Malipo ya korosho yanaingia, shule zimefungwa, embe zinadondoka usiku kucha, mvua imeanza na kila mtu anakimbilia shamba kuwahi kupanda, na Krismasi na mwaka mpya viko mlangoni. Msalimie mtu njiani. Atakujibu "Alhamdulillahi" au "tunamshukuru Mungu", kutegemea anasali wapi, halafu neno linalofuata ni lalamiko: bei ya mnada, foleni ya benki, ada ya Januari. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka sita sasa naongoza zoezi la kushukuru kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, Waislamu na Wakristo pamoja, na hapa naeleza tunavyolifanya ili nawe ulifanye kwako, uwe Masasi, Nachingwea, Lindi mjini au Mikindani.

Niseme mapema jambo moja ambalo zoezi zima limesimama juu yake. "Asante Mungu kwa uzima" ni neno la kweli, lakini ukiishia hapo hakuna kinachobadilika nyumbani. Mabadiliko niliyoyaona kwangu na kwa wenzangu yalianza pale tulipotaja jina la mtu, na kitu alichokitoa.

Vifaa

Kopo tupu lenye mfuniko, korosho ghafi 20 zilizokauka vizuri, zikiwa bado na maganda yake, na daftari dogo kwa anayependa kuandika.

Korosho ziliingia hivi. Mwaka wa kwanza nilikuja na madaftari na kalamu, nikasahau kwamba bibi zetu kadhaa kwenye kikundi hawakupata kusoma. Wakakaa kimya wakitutazama tukiandika. Ndipo mmoja wao akafungua pindo la khanga yake, akatoa korosho tatu, akazipanga mkekani na kusema, "Mwanangu, zangu mimi hizi hapa." Akazitaja moja baada ya nyingine, kila moja na mtu wake. Tangu siku hiyo wote tunatumia korosho, tuliosoma na wasiosoma. Daftari ni la hiari.

Hatua ya 1: Chagua siku moja tu ya wiki

Sisi tunaanza tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, kwa kuwa watu wako nyumbani. Baada ya hapo ni kila Jumapili jioni mpaka mwaka uishe. Kila kikao, mambo matano, na kwa kila moja unatia korosho moja kwenye kopo. Vikao vinne vinatosha kumaliza korosho zako 20.

Usifanye kila siku. Mwaka ule wa kwanza niliwaambia wenzangu waandike kila usiku, na siku ya kumi madaftari yote yalikuwa yanasema kitu kimoja: uzima, chakula, watoto. Uzima, chakula, watoto. Lilishakuwa zoezi la mkono, moyo haumo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mtafiti wa Marekani, Sonja Lyubomirsky, aliona jambo kama hilo: watu walioorodhesha neema zao mara moja kwa wiki walinufaika, waliofanya mara tatu kwa wiki hawakunufaika. Na utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough uliochapishwa mwaka 2003 ulitumia mpango unaofanana na wetu. Wanafunzi waliandika hadi mambo matano kwa wiki, kwa wiki 10. Wakilinganishwa na wenzao walioandika kero zao, waliyaona maisha yao kwa jicho zuri zaidi, waliitazamia wiki inayokuja kwa matumaini, na walilalamikia maumivu ya mwili kwa uchache zaidi.

Hatua ya 2: Anza na ulichogusa kabla jua halijachomoza

Kosa la Desemba ni kushukuru kwa vikubwa tu. Pesa ya korosho ikiingia tunashukuru kwa bati, kwa pikipiki, kwa godoro jipya. Hivyo havihitaji zoezi, vinaonekana vyenyewe. Zoezi hili ni la vile tunavyovikanyaga.

Kwa hiyo rudi alfajiri ya siku hiyo. Uligusa nini kwanza? Kwangu mimi jibu huwa maji.

Aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde ananielewa. Huku juu mvua ikinyesha inazama kwenye udongo, hakuna mto wa kuchota. Mama mkwe wangu ujana wake aliamka usiku, akateremka mteremko mkali hadi bondeni, akapanda tena na maji kichwani. Ukisimama pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, ukatazama chini kuelekea mto Ruvuma, kisha ukajiwazia umebeba ndoo, utaelewa kwa nini bibi wa Newala hamwagi maji ya kunawia bila kuangalia kama kuna mche wa kumwagilia. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku zina kisima cha saruji uani cha kuvunia mvua ya bati, na kina mfuniko unaofungwa kwa kufuli.

Sasa mimi alfajiri nachota ndoo mbili hatua kumi kutoka mlangoni. Kwa miaka mingi sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo.

Hatua ya 3: Uliza "nani?" mpaka umfikie mtu

Hapa usiharakishe, hii ndiyo kazi yenyewe. Usiweke korosho kwenye kopo kwa kusema "maji". Sema hivi: "Ndoo mbili za maji ya mvua, kutoka kwenye kisima alichokijenga baba mkwe kwa pesa ya misimu miwili, ambacho shemeji aliingia ndani akakisugua Oktoba kabla mvua haijaanza." Hapo umeshukuru watu wawili, na umejua kila mmoja alitoa nini. Weka korosho mbili.

Chukua mfano mwingine, malipo ya korosho yenyewe. Nani? Mume wangu, aliyepulizia salfa kuanzia Juni, alfajiri kwa alfajiri, ili ugonjwa wa ubwiriunga usiue maua. Nani tena? Yule kijana tuliyemlipa kuokota, ambaye hakuchanganya korosho mbovu na nzuri ingawa hatukuwepo. Nani tena? Karani wa ghala la chama cha msingi cha ushirika, aliyekaa na mzani mpaka giza likaingia siku foleni ilipokuwa ndefu. Malipo yale yale, korosho tatu.

Martin Seligman na wenzake walichapisha mwaka 2005 jaribio la watu walioandika mambo matatu mema kila usiku kwa wiki moja. Masharti yao yalikuwa kwamba kila jambo liandikwe pamoja na sababu yake. Waliofanya hivyo walipimwa tena miezi sita baadaye na bado walikuwa na furaha zaidi kuliko walivyoanza. Sitashangaa mtu akiniambia nguvu ilikuwa kwenye hiyo sababu, maana kwetu ndipo ninapoona nyuso zikibadilika.

Ukifika mahali hakuna mtu, kama mvua au upepo wa kaskazi unaopooza joto la mchana, usilazimishe. Hiyo ni ya Mungu moja kwa moja. Lakini embe usiiache ipite hivi hivi. Mwembe ule wa njia panda kuna mtu aliupanda. Waulize wazee, jina litapatikana.

Hatua ya 4: Ukikwama, kiondoe

Kuna Jumapili kopo halijai. Basi chukua kitu kimoja au mtu mmoja, fumba macho, uwaze kwamba hakuwahi kuwepo maishani mwako. Usiwaze amekufa, la. Waza hamkukutana kabisa: siku ile gari lilichelewa, ukakaa kiti kingine. Dakika mbili tu. Kisha fumbua macho uweke korosho.

Hatua ya 5: Nenda

Ifikapo kikao cha tatu, kutakuwa na jina limejirudia, au jina linalokupa donge kooni. Huyo ndiye wa kumwendea kabla mwaka haujaisha.

Wazungu wa kundi jingine kwenye jaribio lile la Seligman waliandika barua ya shukrani na kwenda kumsomea mtu. Kwetu barua ya namna hiyo inaweza kumtia mzee wasiwasi, atadhani umekuja kumuaga. Sisi tunakwenda kwa miguu, mchana, na kitu mkononi, maana mkono mtupu haulambwi: unga wa muhogo, sabuni, embe za mwembe wako, chochote usichokopa ili ukinunue. Toa shikamoo, kaa, uliza habari za nyumbani mpaka ziishe. Ndipo useme mambo matatu: alifanya nini, kilimgharimu nini, na wewe uko wapi leo kwa sababu yake. Basi. Siku hiyo usiombe kitu, usilete shauri la shamba, usitoe simu kupiga picha.

Mimi nilimwendea mjomba. Huku kwetu mjomba ana uzito wake. Watoto wa dada yake ni wake, na ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Nilimwambia najua mwaka ule korosho zake hazikutosha, najua aliuza baiskeli. Alinyamaza muda mrefu akitazama uani. Kisha akauliza, "Habari ya baiskeli ulielezwa na nani?" Nikamwambia ni mama, akiwa mgonjwa. Akasema, "Ilikuwa nyeusi ile." Tukala ugali na kisamvu, nikarudi. Tangu hapo kila akipita Newala mjini anaingia kwangu hata kama hana shida.

Kama mtu wako yuko Dar es Salaam, mpigie, asikie sauti. Ujumbe wa maandishi pekee usitumie. Kama ametangulia mbele ya haki, nenda kwa watoto wake uwaambie wao. Huenda hawajui.

Hatua ya 6: Nyumba yenye jeraha

Mwaka wa pili niliweka utaratibu wa kila mtu kusoma zake kwa sauti. Lilikuwa kosa, na lilimuumiza mtu. Mmoja alishukuru kwa mwanawe kufaulu darasa la saba, mwingine kwa malipo makubwa ya korosho, na katikati yao alikuwa amekaa mwenzetu aliyezika mtoto Septemba. Aliinuka akaenda jikoni, hakurudi kikaoni.

Tangu hapo kopo ni siri ya mwenyewe, na kiasi cha pesa hakitajwi. Na mwenye msiba haambiwi "shukuru". Anakaa nasi, anakula nasi, kopo lake likiwa tupu ni lake. Mwenzetu yule alirejea Desemba iliyofuata. Aliweka korosho moja msimu mzima na alikubali niisimulie: ilikuwa ya jirani aliyemfulia nguo siku arobaini bila kuulizwa.

Pia, usitumie zoezi hili kunyamazia dhuluma. Ukipunjwa kwenye mzani, dai haki yako Jumatatu. Kopo litakusubiri.

Watoto wa likizo wanaweza kuwa na kopo lao. Usiwafundishe la kusema. Waulize tu nani alifua sare zao mwaka mzima, kisha nyamaza.

Hatua ya 7: Usiku wa Desemba 31

Mchana wake, mimina korosho zote kwenye bakuli la maji. Zinazozama zina afya. Chagua moja iliyozama na kubwa, iweke kando. Nyingine zikaushe.

Jioni zichome uani, kamwe si ndani. Tumia bati au karai la zamani lililotobolewa matundu, juu ya moto wa kuni, na usimamie upande upepo unakotokea. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na moshi wake unawasha macho na kifua, kwa hiyo watoto wakae mbali kabisa. Zikishika moto na kuwa nyeusi, zimwage mchangani, zifukie kidogo zizimike. Zikipoa, paka mikono jivu, bangua. Kila anayekula moja ataje jina la mtu, kwa sauti au kimoyomoyo.

Ile moja uliyoiweka kando ipande kesho yake, ardhi ikiwa na unyevu. Shimo la sentimita 5 hivi, upande ulioshikana na bibo uangalie juu, mita 12 kutoka mkorosho mwingine. Wangu wa mwaka wa kwanza uko mpakani na jirani aliyenichotea maji nilipojifungua. Mabibo yake ya kwanza yaliangukia upande wake, na ni yeye aliyeyaokota.