Unataka kufanya risechi ya mabadiliko ya mazingira? Anza na kunguru

Wadau wa chuo mnaohangaika na topiki za mabadiliko ya mazingira duniani, topiki yenyewe kubwa mpaka hujui uishike wapi, mi nawashauri mkaangalie kwanza watu wa viumbe vamizi (wanyama na mimea ya kuletwa inayovuruga ya wenyeji) wanavofanya kazi. Wenzetu wanajua mgeni kaingia lini na kapitia wapi. Joto halina siku liliyopiga hodi, ila kunguru anayo: hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 enzi za Waingereza ili wale takataka, wakasambaa mpaka huku bara, na leo sisi wa Dar ndo tunalinda vifaranga wasiliwe nao.

Kwa hiyo kabla hujaandika swali, tafuta tarehe. Mikoko ilikatwa lini, barabara ilipita lini. Halafu data za kabla ya hapo: rekodi za zamani, picha za angani, wazee wa mtaa. Ukikosa kabisa, tafuta sehemu ambayo badiliko halijafika ulinganishe nayo.

Sasa pa kuwa makini ni hapa, usimbebeshe mmoja lawama zote, na usiwe na haraka. Sangara kawekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 lakini kulipuka kalipuka miaka ya 1980, yaani ungefanya risechi yako pale 1965 ungeandika hana madhara na digrii ungepewa. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, wakapotea, aina nyingi tu, tukasema sangara kawamaliza. Kawala kweli, ila na maji yalikuwa yanachafuka, na furu jike anachagua dume kwa rangi, sasa kwenye maji ya ukungu rangi ataionea wapi? Aina zikaanza kuchanganyikana. Gugu maji, lile jani linaloelea na kufunika ziwa, nalo lilipungua mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya kuachiwa wadudu wa kulitafuna, lakini El Niño ya 1997/98, zile mvua kubwa, ilipita kipindi hicho hicho, na wataalamu wamebishana sana nani alifanya kazi kubwa.

Kwa Dar, kama swali lako ni je kunguru ndo wanaopunguza ndege wadogo, fanya hivi: chukua Feri pale soko la samaki, mtaa mmoja ambao taka zinazolewa vizuri, na huko Pugu karibu na msitu. Hesabu kunguru na ndege wadogo, asubuhi saa ile ile, masika na kiangazi, na miti uiandike pia maana ukihesabu ndege peke yake utamsingizia kunguru kumbe watu wamekata miti yote. Ukikuta sehemu kunguru wanategwa umeokota dodo chini ya mwarobaini, we endelea kuhesabu wakishapungua: ndege wadogo wakirudi, kunguru ana kesi, wasiporudi tafuta mtuhumiwa mwingine.

Na pointi za GPS chukua kila kituo jamani, simu unayo, usiandike tu "Feri" ukaondoka, atakayekuja kurudia baada ya miaka 10 asimame wapi?