Ukienda magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ulizia maji kwanza

Sisi wa Lindi tunapita Nangurukuru kila tukienda Dar na wengi wetu hatujawahi kukata kulia hata siku moja, na inaniuma kweli, maana watu wanapanda ndege mpaka Kambodia kuona mahekalu ya Angkor yaliyobanwa na mizizi wakati hapa kwetu kuna mji mzima wa mawe umekaa kwenye mibuyu na vichaka.

Shukia Nangurukuru, chukua gari ya Kilwa Masoko. Lala hapo, usivuke siku hiyohiyo, kwasababu kibali unakikata Masoko kabla ya kuvuka na utahitaji na mtu wa kukutembeza. Mchukue, bila yeye utaona kuta tu.

Sasa nahodha. Kabla ya bei muulize maji. Kisiwani ni karibu, kama kilomita 2 tu, haina shida sana, lakini Songo Mnara iko mbali zaidi kusini na unashukia kwenye mikoko, ukikuta maji yamekupwa unakanyaga tope huku mkoba uko kichwani, na siku za bamvua ndo bahari inarudi mbali kabisa. Kwahiyo mpange mfike yamejaa. Vaa yeboyebo, simu ifunge kwenye nailoni. Miezi ya kusi vukeni asubuhi mapema, mchana upepo unachafua bahari. Masika mimi siendi, njia zinazibwa na majani.

Kisiwani ukishuka tu unaliona Gereza. Wareno walijenga ngome hapo 1505 baada ya kuuvamia mji, ila hilo unaloliona sehemu kubwa ni la enzi za Waomani. Watu wanamalizia chaji yote ya simu hapo, usifanye hivyo. Nenda Msikiti Mkuu, ulianza karne ya 11 ukaja kuongezwa karne ya 14, simama katikati ya zile nguzo uangalie juu kwenye makuba, kaa kimya kidogo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mji huu 1331 na akausifia uzuri wake. Ingia kwa adabu zilezile za msikiti wowote.

Halafu Husuni Kubwa, na hapa nakuomba usikubali kuambiwa ni mbali. Unatembea kati ya mashamba na mibuyu mpaka kwenye ukingo juu ya bahari, beba maji ya kunywa, na ukifika utaona jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pembe nane, karne ya 14 hiyo jamani, hela ya biashara ya dhahabu iliyokuwa inatoka Sofala, Msumbiji ya leo. Mimi nilikaa pembeni ya lile bwawa karibu saa nzima.

Usipande kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, mvua, mizizi na mawimbi vinazila kila mwaka, UNESCO iliweka eneo hili kwenye urithi wa dunia 1981 na kuanzia 2004 mpaka 2014 lilikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Kigae ukikiona chini kiache palepale, na sarafu ya zamani mtu akikuuzia kataa.

Kisiwani watu wanaishi, sio pori tupu. Ukikuta wazee toa shikamoo kwanza ndo uulize kama unaweza kupiga picha, na ukiwa na njaa ulizia chakula cha hapohapo ili hela ibaki kijijini.

Songo Mnara ipe siku yake ya pili. Nyumba za mawe zimesimama na milango yake, unaweza kufuata chumba kwa chumba ukajua sebule ilikuwa wapi. Ila nahodha akiita tokeni mara moja, hata kama umebakiza msikiti mmoja, maana maji yakishaanza kutoka mikokoni chombo kinakaa mchangani mpaka yajae tena.